Picha Kutoka Simu ya Zagabe

Kabla vita havijaingia mjini, kazi ya Valérie ilikuwa kuwafuata watalii wa Bukavu bila kukutana nao. Alikuwa assistante, yaani mhadhiri msaidizi, katika idara ya jiografia ya chuo kimoja mjini, na utafiti wake ulitegemea picha ambazo wageni huziweka wazi mtandaoni. Mtu akisimama kando ya ziwa akapiga picha kwa simu, simu huandika ndani ya picha ile saa yenyewe na mahali penyewe, hata kama mwenye simu hana habari. Valérie alizikusanya picha za namna hiyo, za miaka mingi, na kila moja akaigeuza nukta kwenye ramani ya mji.

Kumtenganisha mgeni na mwenyeji ndiyo ilikuwa kazi. Kanuni aliyoifuata ni hii: mtu ambaye picha yake ya kwanza na ya mwisho mjini hazijaachana kwa zaidi ya mwezi, huyo ni mgeni, nukta zake zinakuwa nyekundu. Anayeendelea kupiga mwezi baada ya mwezi ni mwenyeji, zake zinakuwa za buluu. Basi nyekundu zilijaa kando ya maji, Nguba na La Botte, ambako hoteli zinatazama ziwa. Zilijaa kwenye kanisa kuu, na bandarini ambako watu hungojea boti ya Goma. Halafu mstari mwembamba ulitoka mjini ukapanda kuelekea msitu wa masokwe. Kadutu, mtaa wenye soko kubwa na watu waliobanana mlimani, ilibaki nyeupe karibu yote.

Aliyemweleza sababu alikuwa mdogo wake, Zagabe. Yeye alikuwa kiongozi wa watalii, kazi aliyoianza kwa kubahatisha na kuishia kuipenda. Aliwachukua wazee wa Kibelgiji waliotaka kuona shule walizosomea utotoni, wanafunzi kutoka Kampala, wafanyakazi wa mashirika waliochoka kukaa ndani mwisho wa juma. Alipoiona ramani ya dada yake alicheka. Alisema kabla ya kufika Kadutu viongozi wote huwaambia wageni wao wafiche simu mifukoni, na hawazitoi tena mpaka wamepita.

"Ramani yako haionyeshe kitu batu wanapenda," alimwambia. "Inaonyesha fasi tunawapeleka."

Valérie aliiandika sentensi ile katika sura ya tatu ya kazi yake, akataja kwamba imetoka kwa kiongozi mmoja mzoefu. Zagabe akajivuna wiki nzima.

Ili ajue simu hukosea kwa mita ngapi kati ya milima ile, Valérie alimwomba Zagabe atembee mjini akipiga picha mahali walipokubaliana. Kwa kurahisisha mambo akaipanga simu ya Zagabe ili kila picha atakayopiga iingie yenyewe kwenye akaunti ya kompyuta ya Valérie, pindi tu mtandao ukipatikana. Jaribio likaisha. Hakuna aliyekumbuka kukata ile njia, na picha za Zagabe zikaendelea kuingia miezi na miezi, wageni wake na safari zake, pamoja na chochote kilichomfurahisha.

Mwezi wa pili vita viliteremka barabara ya Goma. Maman Marcelline, mama yao, alikuwa na mdogo wake aliyelazwa hospitalini Katana, Francine, aliyefanyiwa upasuaji wa mguu. Kila siku habari zilikuwa zile zile: wamefika mahali fulani, kesho watakuwa mahali fulani. Papa Polycarpe, mumewe, mwalimu mstaafu, mtu asiyependa kuharakisha jambo, alisema wangoje waone. Maman Marcelline hakuweza kungoja. Asubuhi moja alimkuta Zagabe akifuta pikipiki yake uani.

"Uende umuchukue Francine," alimwambia. "Kule hana mutu."

Zagabe alivaa koti lake la mvua la njano, lile alilovaa msituni ili wageni wasimpoteze machoni, akaondoka. Mchana simu yake haikupatikana. Siku mbili baadaye Francine alishuka bandarini kutoka mtumbwi wa mota uliojaa watu waliokimbia, akiegemea magongo, amelowa mpaka kiunoni. Hakuwa amemwona Zagabe. Alisema hospitali ilianza kuwa tupu, akaomba nafasi kwa watu waliokuwa wanavuka. Wakati huo uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umeshachukuliwa, na mwisho wa juma ule wenye silaha wakaingia Bukavu yenyewe.

Familia ilimtafuta kwa njia walizokuwa nazo. Papa Polycarpe alizunguka hospitali za mjini, akasimama mbele ya vyumba vya maiti akingoja aitwe. Abbé Jacques wa parokia yao alipiga simu kwa mapadri wenzake wa upande wa Kavumu na Katana. Hakuna aliyejua kitu. Watu walisema vijana wengi walikamatwa njiani kubeba mizigo, wengine wakapelekwa kwenye mafunzo, na maneno hayo Maman Marcelline aliyashika kwa mikono miwili. Zagabe anabeba mizigo mahali fulani. Zagabe ana nguvu, atarudi. Kila jioni alimwekea chakula chini ya sahani iliyofunikwa. Francine, aliyepewa chumba cha nyuma, naye alipelekewa chakula na dada yake, lakini dada hakumtazama usoni, na Francine alijua ni kwa nini: Zagabe alipotea akimfuata yeye.

Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikakosa wanafunzi. Benki zilibaki zimefungwa. Valérie alikwenda ofisini kwa sababu nyumbani hapakukalika. Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa tatu, mtandao ukiwa umerudi vizuri kidogo, alifungua akaunti yake kutafuta faili la zamani, akaona picha mpya. Ya kwanza kuonekana ilikuwa ziwa, limepigwa kutoka Nguba, na tarehe yake ilikuwa ya juma lile lile. Chini yake liliandikwa jina la simu iliyoituma, na simu ilikuwa ya Zagabe.

Hakufungua nyingine. Alimpigia baba yake, na kabla hajamaliza kueleza, Maman Marcelline alikuwa ameshaichukua simu mkononi mwa mumewe. Valérie alipofika nyumbani alikuta majirani wamejaa uani. Mama yake alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, anaimba Magnificat, wimbo wa Bikira Maria, kwa Kishi, lugha ya kwao.

Waliweka kompyuta juu ya meza ya kulia, wakatazama. Ilikuja picha ya kanisa kuu, halafu buti mbili nyeusi zilizowekwa juu ya ukuta wa baraza la hoteli, na ziwa nyuma yake. Samaki wa kukaangwa kwenye sahani. Mitumbwi. Kisha uso. Kijana wa kama miaka kumi na tisa au ishirini, amevaa sare, anacheka, meno ya mbele yameachana. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja.

"Ni rafiki yake," alisema Maman Marcelline. "Zagabe njo iko anamupiga foto."

Lakini katika kona ya picha ulionekana mkono wa kijana yule yule, umenyooshwa kuishika simu. Papa Polycarpe aliuona. Valérie alimwona baba yake akiuona.

Kuanzia siku hiyo Valérie alifanya kwa kijana yule alichokuwa amewafanyia wageni maelfu. Aliziweka picha zake kwenye ramani. Hakuwa na haja ya kumjua ili amsome. Alipiga picha kama mtu ambaye hajawahi kuona mji uliokaa juu ya ziwa: maji, kisha maji tena, hoteli, kanisa, machweo, chakula kilichopakuliwa vizuri. Nukta zake ziliangukia juu ya nyekundu za zamani, mahali pale pale ambapo Zagabe alizoea kuwasimamisha watalii wake. Mwaka ule hakuna mtalii mwingine aliyekuja Bukavu. Kadutu hakupiga hata moja. Na kwa kuwa alikuwa mjini zaidi ya mwezi, kanuni ya Valérie ilimhesabu kuwa mwenyeji, na kompyuta ikampaka rangi ya buluu. Valérie alipoliona hilo alifunga kompyuta, akatoka nje.

Hakuwa bado ametazama mwanzo. Picha zilikuwa zimejipanga, za jana juu, za zamani chini, na alikuwa akiukwepa mwisho wa foleni. Alipoufikia, alikuta picha ya mwezi wa pili, ya asubuhi ile ile aliyoondoka Zagabe. Ilikuwa imepigwa kwa bahati mbaya, na mtu anayeijaribu simu asiyoizoea. Yalionekana majani ya mihogo, gurudumu la pikipiki iliyolala, na pembeni kipande cha nguo ya njano juu ya udongo, na ndani ya nguo ile mkono. Mahali palikuwa ng'ambo ya Kavumu, hatua chache kutoka barabara ya Katana.

Mtu wa kwanza aliyemwambia alikuwa Cyprien, chef de travaux, mhadhiri aliyeisimamia kazi yake tangu mwanzo. Cyprien aliitazama ramani akiwa amesimama, akaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Valérie, hii si data tena," alisema. "Huyu mutu uko unajua fasi analala, fasi anakula, saa gani anapita wapi. Wakijua, watasema uko unamupeleleza. Kata ile njia leo. Futa yote."

Alikuwa anasema kweli, na Valérie alimjibu kwamba atafuta. Juma lililofuata Cyprien alivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda na watoto wake, akaandika kutoka Kampala kwamba amefika salama. Valérie hakufuta kitu.

Valérie alimwonyesha baba yake picha ile nyuma ya nyumba, karibu na mabomba ya maji, mchana ambao Maman Marcelline alikuwa kanisani. Papa Polycarpe aliishika simu ya Valérie mbali na uso, kisha karibu, kisha akavua miwani.

"Mama yako asione hii," alisema. Kisha akauliza kama ramani inaweza kuwafikisha pale penyewe au karibu tu. Valérie alimwambia inaweza kukosea kwa mita chache. Zagabe ndiye aliyezipima mita hizo, lakini hilo hakulisema.

Walikwenda siku ya soko, kwa sababu siku ya soko watu huulizwa kidogo. Papa Polycarpe alibeba mfuko mtupu wa maharagwe, na kwenye kila kizuizi alisema anakwenda kununua chakula, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia wanafunzi majina. Walishuka ng'ambo ya uwanja wa ndege, wakatembea. Nukta iliwaingiza kwenye njia ya miguu, ikawapitisha kando ya nyumba ya udongo, ikasimama katika shamba la mihogo. Mwanamke alikuwa analima. Alipowaona alisimamisha jembe, akatazama nyuma yao kuhakikisha wako peke yao.

Alijitaja kuwa anaitwa Bintu. Papa Polycarpe alimsalimu kwa Kishi, akamwomba radhi kwa kukanyaga shamba lake, akamwonyesha picha ya Zagabe, ile ya siku ya harusi ya binamu yao, amevaa suti. Bintu aliitazama akasema hakumjua mtu wa suti. Papa Polycarpe akasema alikuwa na koti la njano. Hapo Bintu akaketi chini, palepale kati ya mihogo, na wao wakaketi.

Alieleza polepole, na Papa Polycarpe hakumkatiza. Siku ile watu walikuwa wanakimbia kutoka pande zote mbili za barabara, na sare zilikuwa nyingi, mtu hakujua nani ni nani. Yeye alishindwa kukimbia kwa sababu mama mkwe wake hawezi kutembea. Wakiwa jikoni walimwona kijana wa koti la njano akiletwa shambani na wawili wenye bunduki, anaisukuma pikipiki. Alitoa ufunguo. Alitoa simu. Walikuwa mbali, Bintu hakusikia maneno, ila aliona mmoja wao, mdogo wa umri, ameishika simu na kuichezea, na yule wa njano anamwonyesha kitu kwa kidole. Kisha mtu akaita kutoka barabarani kwamba wanachelewa. Yule mdogo akainua bunduki, akapiga.

"Kisha ule kijana wa bunduki akakuya hapa mulangoni akaniomba maji," alisema Bintu. "Nikamupa. Ningefanya namna gani?"

Papa Polycarpe alimwambia hakufanya vibaya.

Bintu na shemeji zake walimzika Zagabe siku iliyofuata, pamoja na mzee na mwanamke waliokutwa barabarani, kwa sababu mbwa walikuwa wameanza kuja. Kaburi lilikuwa moja, pembeni mwa shamba, chini ya mikaratusi. Hawakuweka msalaba, waliogopa kuulizwa. Papa Polycarpe alipiga magoti akasali Salamu Maria, moja baada ya nyingine, akiwataja na wale wawili asiowajua majina, mzee na mwanamke. Valérie alitaka kupiga picha ya mahali pale ili pasipotee. Aliiacha simu mfukoni. Walinunua maharagwe kweli sokoni Kavumu, wakarudi nayo.

Maman Marcelline aliambiwa na mumewe, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Valérie na Francine walingoja sebuleni wakitegea ukelele, na hawakuusikia. Alipotoka alikwenda jikoni, akaondoa sahani iliyofunikwa, akaiosha. Kisha akamwuliza Valérie kama aliyepiga ni yule wa meno yaliyoachana. Valérie alisema anadhani ni yeye, kwa kuwa tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyejipiga picha kwa simu hiyo.

Siku zilizofuata mama aliuliza habari za kijana yule kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Anakaa upande gani? Anapita wapi? Valérie alidhani anataka kujua njia za kukwepa. Alimwambia kwamba Jumapili, baada ya saa sita, kijana hupiga picha chini kabisa Nguba, kwenye gati la hoteli moja ya zamani ambayo sasa imefungwa.

Jumapili ile Papa Polycarpe alirudi kutoka misa peke yake. Alisema Maman Marcelline amebaki kumsalimu abbé Jacques. Valérie alikuwa anachambua mchele. Aliuacha, akatoka na kandambili zake, akateremka barabara akikimbia.

Aliwakuta kwenye gati. Mama yake alikuwa katika kitenge chake cha kanisani, na mkoba mkononi. Kijana alisimama mbele yake, bunduki mgongoni, sare imekaa pana kwenye mabega. Wenzake wawili walikuwa wameketi kwenye ukuta wa mbali, wanakunywa bia. Valérie alipofika karibu, kijana alikuwa tayari anamnyooshea mama simu.

"Maman, unipige foto," alisema. "Maji ionekane nyuma."

Maman Marcelline aliipokea. Aliiweka kiganjani akaitazama, kioo chake kilichopasuka kwenye kona, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Songa kidogo," alisema. "Jua iko inakuingia mu macho."

Kijana akasonga. Mama akampiga picha. Halafu badala ya kurudisha simu, akaanza kusogeza picha kwa kidole, za juma lile, za mwezi ule, akizidi kurudi nyuma. Kijana alicheka kidogo, akidhani maman anashangaa simu. Mama akafika zilikokuwa picha za Zagabe, ambazo hazikufutwa. Akamgeuzia kioo.

"Uyu ni nani?"

Ilikuwa picha ya mwanamke anayemenya ndizi uani, hajui kwamba anapigwa picha. Kijana aliitazama, akamtazama aliyeishika.

"Ni weye," alisema.

"Ni miye. Na nani alinipiga?"

Kijana aligeuza macho kidogo kuelekea ukutani walikokaa wenzake. Valérie alisogea akashika kiwiko cha mama yake, na mama hakumjali.

"Nilipewa ile simu," alisema kijana.

"Najua. Alikupatia. Tulifika Kavumu." Maman Marcelline hakupandisha sauti. "Mutoto yangu alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Mutu hawezi kufa bila kusema kitu."

Mmoja wa wale wawili aliita kutoka ukutani, akauliza maman anataka nini. Kijana akajibu kwamba hakuna, maman anatafuta mtoto wake, hajamwona. Kisha akasema chini chini, akiangalia saruji:

"Alinipa code ya kufungua simu. Nikakosea, akarudilia tena polepole, juu nisikie muzuri. Ni vile tu."

Alinyoosha mkono. Maman Marcelline akamwekea simu mkononi.

"Sasa muende," alisema kijana. "Bale wakijua, mi sitaweza kitu. Muende, maman."

Walipanda barabara bila kugeuka. Mbele ya duka la mkate Maman Marcelline aliketi kwenye ukingo wa mfereji, kitenge cha kanisani kwenye vumbi, na hapo ndipo alipolia. Watu walipita wakiwatazama. Mwanamke mmoja asiyewajua aliweka ndoo yake chini, akaketi pamoja nao bila kuuliza, akabaki mpaka mama alipoweza kusimama.

Siku ile ile Maman Marcelline alitoa viti sebuleni, akatandika magodoro chini, na kilio kikaanza. Alimwita Francine kutoka chumba cha nyuma, akampa nafasi karibu yake kwenye godoro. Majirani waliokuwa wameondoka mmoja mmoja siku ya picha walirudi, na kabla ya giza wakatawanyika, kwa kuwa kukusanyika usiku kulikatazwa. Abbé Jacques alisoma misa bila mwili. Kuuhamisha mwili kungehitaji ruhusa, na ruhusa ingehitaji kueleza walijuaje ulipo.

Jumatatu, kompyuta ilikuwa imepokea picha moja. Kijana amesimama gatini, maji yanaonekana nyuma kama alivyotaka, jua halimpigi machoni. Baada ya hiyo haikuja nyingine.

Juma hilo mlinzi wa chuo alimngojea Valérie langoni. Alimwambia watu wawili wa sare walipita wakimuuliza mademoiselle anayefanya kazi ya ramani. Hawakutaja jina, lakini yeye ndiye peke yake. Valérie hakujua ni nini kilichowaongoza mpaka pale, na hakuingia ndani. Alirudi nyumbani, akafungua akaunti, akajaribu kuzitenga picha za Zagabe na za yule mwingine. Umeme ulikuwa unakaribia kukatwa, na aliogopa kwamba akichelewa mtu atagonga mlango. Akafuta akaunti nzima. Zilikwenda za kijana, zikaenda na za Zagabe, wageni wake na msitu wake, picha zote za miaka ile. Alipomweleza mama yake, Maman Marcelline alisema amefanya vizuri, akageukia ukuta.

Asubuhi iliyofuata Valérie alivuka Ruzizi na nguo chache. Kampala, Cyprien alimtafutia chumba na kazi ya muda ya kuchora ramani za mabomba ya maji. Kuhusu utafiti wa watalii hakuulizwa, na yeye hakuutaja.

Papa Polycarpe aliendelea kwenda Kavumu kila alipopata nafasi. Alimpelekea Bintu chumvi na sabuni, akasali chini ya mikaratusi, akarudi na maharagwe. Mwezi wa tisa alimpigia Valérie. Alizungumza kwanza kuhusu mguu wa Francine, kisha kuhusu bei ya mafuta, na Valérie alimwacha azunguke mpaka afike. Wenye silaha walikuwa wameweka kambi yao ndogo shambani kwa Bintu. Mikaratusi ilikatwa ili waone barabara, na udongo ulichimbwa kwa mahandaki. Bintu na mama mkwe wake walihamishwa, hakuna aliyejua kwenda wapi. Papa Polycarpe mwenyewe alisimamishwa barabarani akarudishwa, akaambiwa huko hakuna maharagwe.

Valérie aliuliza kama aliliona kaburi.

"Nilikuwa mbali," alisema baba yake. "Niliona tu udongo mwekundu."

Akasema atajaribu tena mwezi ujao, kwa njia ya chini, ile inayopita kando ya ziwa.